Breki zinajifunga, mguu uko mbali: kisa cha minivani moja

Alizima injini, lakini hakushuka. Nilipofika mlangoni bado alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili.

"Karibu dada. Habari za safari?"

"Salama, fundi, ila gari hili linanifungia breki lenyewe. Mimi sikanyagi. Naapa sikanyagi."

Kiapo hicho kilikuwa na sababu. Gereji mbili alizopita kabla ya kuja kwangu zote zilimuuliza kama hakugusa pedali kwa bahati mbaya. Dereva akishaulizwa hivyo mara mbili, anaanza kujitilia shaka yeye mwenyewe, na mambo aliyoyaona kwa macho yake anaacha kuyasimulia. Ndiyo maana kabla ya kushika spana nilivuta kiti, nikamwomba anieleze kila kitu tangu mwanzo, hata kile anachokiona ni upuuzi. Dakika zile 20 ndizo zilizolitengeneza gari. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuhakikisha tu.

Gari lenyewe ni minivani ya viti 7, gia ya automatiki, imeshatembea kilomita 160,000 na ushee. Lina ABS, yaani mfumo wa kuzuia tairi zisifunge breki zikibanwa, na mfumo wa kudhibiti mtelezo, ule wenye taa ya njano ya kigari kilichoacha mistari ya nyoka nyuma yake. Halina rada wala kamera ya kufunga breki za dharura. Hilo nililiangalia mapema, kwa sababu siku hizi magari mengi hujifunga yakidhani yameona kitu mbele. Hapa mlango huo ulikuwa umefungwa tangu mwanzo.

Tatizo lilikuwa na wiki kama 5. Lilitokea barabara kuu tu, mwendo wa kilomita 90 kwa saa kwenda juu, na karibu kila mara kwenye kona. Gari linavutwa kushoto, mwendo unakatika kana kwamba kuna mtu amelishika kwa nyuma, na baada ya sekunde moja au mbili linaachia. Mjini halikuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Mara ya mwisho alikuwa na watoto watatu nyuma, na lori lililokuwa likimfuata lilipiga honi ndefu likamkwepa.

"Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu siku nyingine na gari lake," alisema. "Aliona pua ya gari inainama ghafla. Ananiambia taa za breki hazikuwaka kabisa. Mimi nikamwambia basi na taa nazo zimekufa."

Taa hazikuwa zimekufa. Niliomba akanyage pedali, nikazunguka nyuma: zote tatu zinawaka. Nikarudi nikiwa na swali moja tu.

"Gari linapokamata, pedali inazama? Unaihisi mguuni?"

Alifikiri. "Mguu wangu huwa uko kwenye mafuta. Lakini siku moja niliupeleka breki palepale, nikaikuta pedali iko juu, na inatetemeka."

"Na kwenye dashibodi kuna taa iliyowaka?"

"Ile ya njano ya kuteleza ilipepesa. Sikuijali, barabara ilikuwa kavu."

Kavu. Nililiandika neno hilo na kulipigia mstari.

Amri inatoka wapi

Gari likijifunga breki, mafundi wengi tunakimbilia kwenye gurudumu, maana ndiko kwenye joto, harufu na vumbi jeusi. Lakini gurudumu ni mtekelezaji. Kalipa, kile kibanio cha pedi kwenye gurudumu, haina akili. Inabana pale presha inapofika. Swali la kuanza nalo ni nani aliyeituma ile presha, na kwenye gari kama hili wanaoweza kuituma ni watatu.

Wa kwanza ni mguu, au kitu kinachojifanya mguu. Kapeti iliyojikunja chini ya pedali, springi ya pedali iliyochoka, busta, kile chombo kinachouongezea mguu nguvu, ambayo vali yake ya ndani imenasa ikaanza kusaidia kabla haijaombwa. Alama ya kundi hili ni kwamba pedali yenyewe husogea. Na pedali ikisogea, swichi iliyo juu yake inawasha taa za nyuma. Kwenye gari hili, kama ilivyo kwa mengi ya rika lake, hakuna njia nyingine ya kuziwasha. Mdogo wake aliyekuwa nyuma alituondolea kundi zima bila kujua: taa hazikuwaka, kwa hiyo pedali haikusogea.

Wa pili ni presha iliyonaswa. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, na ndilo gereji ya pili ilifikiri imelipata, kwa hiyo linahitaji maelezo. Ndani ya masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, kuna kitundu kidogo kinachounganisha mabomba na kopo la mafuta ya breki. Ukiachia pedali, kitundu hubaki wazi, na mafuta yaliyopanuka kwa joto hurudi zake juu. Sasa fimbo inayotoka kwenye busta ikiwa ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, au mtu akafunga swichi ya taa za breki kwa kuikaza mno hadi pedali ikakosa ule mchezo wake wa milimita chache, pistoni hairudi mpaka mwisho na kitundu kinabaki kimezibwa. Gari linatoka gereji likiwa zuri kabisa. Baada ya kilomita kadhaa breki zinapata joto, mafuta yanapanuka, hayana pa kwenda, yanazisukuma pedi. Pedi zikisukumwa zinaongeza joto, joto linaongeza presha. Mwishowe gari linakwama barabarani na magurudumu yananuka. Likipoa linaachia, dereva anafika gereji, fundi haoni kitu.

Hali hiyohiyo huletwa na mtu aliyeongeza mafuta ya injini au ya usukani kwenye kopo la breki. Raba za breki zimetengenezwa kuishi na mafuta ya DOT, yaani mafuta maalumu ya breki. Zikiguswa na mafuta ya madini huvimba, na zikishavimba hakuna kuziosha, ni kuzibadilisha zote tangu masta silinda hadi kwenye magurudumu. Pia kuna mpira wa breki uliochakaa kwa ndani: unaruhusu mafuta kwenda, unayazuia kurudi.

Ila makosa haya yote yana tabia moja. Huja polepole na huondoka polepole. Hakuna presha iliyonaswa inayokamata kwa sekunde mbili kwenye kona ikaachia yenyewe, kisha ikakusubiri kwenye kona nyingine kilomita 15 mbele. Gereji ya pili ilibadilisha masta silinda na mafuta yote. Kazi yao ilikuwa safi, nimeiona. Walikuwa wamejibu swali ambalo gari halikuuliza.

Wa tatu ni kompyuta. Boksi la ABS lina pampu yake na vali za kila gurudumu, na kwenye gari lenye mfumo wa kudhibiti mtelezo pampu hiyo inaweza kujenga presha bila mguu wa mtu kuwepo. Ndiyo kazi iliyowekewa. Mfumo wa namna hii ulianza kuuzwa mwaka 1995 kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S, ukiwa umetengenezwa pamoja na Bosch, na umeokoa watu wengi mno. Unapofanya kazi, taa ya njano hupepesa. Unapokuwa na hitilafu unayoijua wenyewe, taa huwaka moja kwa moja bila kupepesa. Dereva wangu aliiona ikipepesa, barabara ikiwa kavu, gari likiwa halijateleza. Maana yake mfumo haukujiona mgonjwa. Ulikuwa na uhakika kwamba gari linateleza, ukaingia kuliokoa.

Magurudumu mawili ya kushoto

Dhana si ushahidi, kwa hiyo nililinyanyua gari kwanza. Magurudumu yote manne yalizunguka kwa mkono bila kushika. Nilikanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa, nikaachia, nikazungusha tena: huru. Nilifungua nipo, vile vifungulio vidogo vya kutolea upepo kwenye breki, moja baada ya nyingine ili nione kama kuna presha iliyobaki. Mafuta yalidondoka kwa uzito wake tu, hayakuruka. Mpira wa breki mzima, kalipa mpya ya mbele kushoto, iliyowekwa na gereji ya kwanza, nzima. Kitu kimoja ndicho kilichonishangaza: pedi za nyuma kushoto zilikuwa zimelika kuliko za nyuma kulia, wazi kabisa, na hakuna aliyezigusa.

Asubuhi iliyofuata, kabla barabara haijajaa, nililitoa mimi na kijana wangu. Hatukubeba mtu mwingine. Tulichagua kipande chenye kona ndefu zilizo wazi, unaona mbele na nyuma, na hatukuvuka 90. Breki niliziacha kabisa isipokuwa pale ilipobidi, nikapunguza mwendo kwa kuachia mafuta. Kwenye kona ya tatu taa ilipepesa, nikasikia chini ya boneti mlio kama wa kusaga, na gari likavuta kushoto. Lilikuwa jambo dogo kuliko nilivyotarajia, na bado mgongo wangu ulisisimka. Nilimwelewa yule mama kuliko maneno yake yote.

Tulisimama pembeni, kijana akapima diski kwa kipimajoto cha mwanga. Mbele kushoto digrii 141. Nyuma kushoto 118. Mbele kulia 83. Nyuma kulia 71.

Namba hizi nne ndizo kiini cha kisa chote, na nasikitika kwamba gereji ya kwanza ilikuwa na nusu yake mkononi. Walipima gurudumu la mbele kushoto, wakalikuta la moto, wakabadilisha kalipa yake. Wangepima na la nyuma wangesimama. Kwa sababu angalia mabomba yalivyopangwa. Masta silinda ina vyumba viwili, na kwenye gari hili kila chumba kinalisha magurudumu mawili kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia, mbele kulia na nyuma kushoto. Magari mengine hugawa mbele na nyuma. Lakini hakuna mpango wa kawaida ambao bomba moja linalisha magurudumu mawili ya upande mmoja. Masta silinda ikigoma, busta ikinasa, fimbo ikiwa ndefu, huwezi kupata joto upande wa kushoto peke yake. Kalipa ya mbele kushoto ikikwama, ya nyuma haihusiki. Mahali pekee kwenye gari panapoweza kuchagua upande wa kushoto na kuuacha wa kulia ni boksi la ABS, kwa sababu pale kila gurudumu lina vali zake. Amri ilikuwa imetoka huko.

Hapo bado lilibaki swali la pili: boksi lenyewe limeharibika, au limedanganywa? Boksi ni ghali katika gari lolote, na watu hulibadilisha kwa kukisia. Sikutaka kukisia.

Digrii 10

Tulichomeka mashine ya kusomea kompyuta. Hakuna msimbo wa hitilafu hata mmoja uliohifadhiwa. Fundi anayetegemea misimbo peke yake angefunga boneti hapo. Sisi tulifungua ukurasa wa namba zinazosomwa papo kwa papo, tukaendesha taratibu kwenye barabara iliyonyooka, usukani umenyooka mikononi mwangu, nembo ya katikati imekaa sawa.

Kasi ya magurudumu manne: sawa. Sensa inayopima bodi inavyogeuka: sifuri. Sensa ya kusukumwa pembeni: sifuri. Sensa ya pembe ya usukani: digrii 10.2 kushoto.

"Nyoosha usukani, bosi," kijana aliniambia.

"Umenyooka."

Tulitazamana.

Mfumo huu hufanya kazi kwa kulinganisha vitu viwili. Sensa ya usukani inaiambia kompyuta dereva anataka kwenda wapi. Sensa ya kugeuka kwa bodi inaeleza gari linakwenda wapi kweli. Vikilingana, kompyuta inakaa kimya. Visipolingana kupita kiasi kilichowekwa, inaamini gari linateleza na inabana gurudumu linaloweza kulirudisha kwenye njia ambayo dereva ameiomba. Gari hili likienda moja kwa moja, kompyuta ilikuwa inaambiwa kwamba dereva anakata kushoto kwa digrii 10, na bodi haigeuki.

Sasa ulete kwenye kona. Kona ya kushoto: dereva ameomba kidogo, kompyuta inasoma ameomba kingi, inaona gari linagoma kuingia ndani ya kona. Dawa yake ni kubana gurudumu la nyuma la ndani, yaani nyuma kushoto. Kona ya kulia: dereva amekata digrii 20, kompyuta inasoma 10, inaona bodi inageuka kulia kuliko ilivyoombwa, inaogopa mkia utatoka. Dawa yake ni kubana gurudumu la mbele la nje, na kwenye kona ya kulia gurudumu la nje ni la kushoto. Kona zote mbili, kosa moja, magurudumu mawili ya kushoto. Namba za kipimajoto zilikuwa zimesema hivyo kabla hatujachomeka mashine.

Na kwa nini mjini hakuna kitu? Hapa hesabu inasaidia. Chukua gari lenye urefu wa mita 3 kati ya ekseli, usukani unaogeuza tairi digrii 1 kwa kila digrii 16 za mkono. Digrii 10 za usukani ni takriban digrii 0.6 kwenye tairi. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pembe hiyo ingeligeuza gari kwa digrii 1.7 hivi kila sekunde. Kwa kilomita 100 kwa saa, ingekuwa karibu 5.8. Barabarani tairi hutoa kidogo na namba ya juu hupungua, lakini mwelekeo ni huo: kosa lilelile hukua kadiri mwendo unavyokua. Sasa linganisha na kona halisi yenye nusu kipenyo cha mita 400: ukiipita kwa kilomita 100 kwa saa, bodi hugeuka kwa digrii 4 tu kila sekunde. Kompyuta ilikuwa inaonyeshwa kona kubwa kuliko iliyokuwepo. Mjini kosa lilijificha chini ya kiwango cha kuvumilika. Barabara kuu, pale ambapo kujifunga breki ni hatari zaidi, ndipo lilipojitokeza.

Bado digrii 10 zilikuwa zinanisumbua. Sensa ikifa hutoa namba za ajabu, zinazorukaruka. Hii ilikuwa imetulia kwenye 10.2, huku na huko. Nilimpigia simu mwenye gari.

"Dada, kabla ya tatizo kuanza, kuna kazi yoyote ilifanyika mbele? Tairi, usukani?"

"Walibadilisha tairodi, fundi, zile fimbo za kugeuza tairi, wakapima alaimenti kuona kama tairi zimenyooka. Usukani ulitoka umepinda kidogo, nikawarudishia. Wakaunyoosha siku hiyohiyo, haikuchukua hata nusu saa."

Haikuchukua hata nusu saa. Nilijua nitakachokikuta.

Nilichomoa betri, nikasubiri muda ulioagizwa na mtengenezaji ili eabegi ipoe umeme wake, kisha nikaitoa. Nati ya usukani ilikuwa na mikwaruzo mipya. Juu ya shafti, ile fimbo ya chuma inayobeba usukani, kuna alama ndogo ya kiwandani, nukta iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye kitovu cha usukani kuna mwenzake. Vikitoka kiwandani, nukta hizo zinatazamana. Hapa zilikuwa zimepishana jino moja. Nilihesabu meno ya shafti kwa ncha ya kalamu, nikahesabu tena: 36. Mduara ni digrii 360. Kila jino ni digrii 10.

Waliopima alaimenti walirekebisha tairodi ya upande mmoja bila kuulinganisha na wa pili, tairi zikanyooka, usukani ukabaki umepinda. Badala ya kurudi chini na kugawa marekebisho kwenye tairodi zote mbili, walichomoa usukani, wakausogeza jino moja, wakaubandika tena. Machoni umenyooka. Magari mengine yana jino pana linalozuia jambo hili, hili halina. Na sensa ya gari hili imekaa kwenye shafti, haijakaa kwenye usukani, kwa hiyo shafti ilibaki imegeuka digrii 10 na sensa ikaendelea kusema kweli. Iliharibiwa maana yake, haikuharibiwa yenyewe. Mifumo mingine hujifunza sifuri mpya ikiona gari linakwenda moja kwa moja. Huu ulikuwa unangoja kuambiwa kwa mashine, na hakuna aliyeuambia.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa nyepesi kuliko kazi ya kuitafuta. Usukani ulirudi kwenye alama zake. Tuliufunga usitikisike, tukarekebisha tairodi zote mbili kwa mizunguko inayolingana hadi tairi zikanyooka huku sensa ikisoma chini ya digrii moja. Kisha gari likasimamishwa mahali tambarare, halina mzigo, na mashine ikaamriwa kuweka sifuri ya usukani na ya sensa za bodi. Nati ikafungwa kwa nguvu iliyoandikwa, kwa spana ya kupimia. Pedi za nyuma zilibadilishwa pande zote mbili, maana za kushoto zilikuwa zimeisha kwa ajili ya kona ambazo hazikuwepo.

Tulirudi kwenye barabara ileile, kona zilezile. Taa haikupepesa. Joto la diski za mbele lilipishana digrii 4, la za nyuma 3.

Ile fyuzi

Gereji ya pili iliposhindwa ilimpa ushauri: achomoe fyuzi ya ABS, gari litaacha kujifunga. Alikataa, na nilimwambia alifanya jambo la maana sana. Ni kweli lingeacha. Lakini fyuzi hiyo haizimi usumbufu mmoja. Inazima ABS, inazima udhibiti wa mtelezo, na inazima kitu ambacho wengi hawakifikirii, yaani mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma. Gari lenye viti 7 likibeba watu wawili mbele, nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito unakimbilia mbele, na kama hakuna anayezizuia breki za nyuma, tairi za nyuma zinaweza kufunga kwanza. Gari lililofunga nyuma kwanza hugeuka kama mlango. Ukilazimika kuliendesha likiwa na tatizo kama hili, zima mfumo wa kudhibiti mtelezo kwa swichi yake kama ipo, nenda taratibu, usibebe watu, fika gereji. Na swichi hiyo kwenye magari mengi haizimi kila kitu, kwa hiyo usiipe imani kamili.

Likitokea ukiwa barabarani, shika usukani imara, usiukate kwa ghafla kujibu mvuto. Ondoa mguu kwenye mafuta. Washa taa za hatari mapema, kwa sababu aliye nyuma yako hana habari kwamba unapungua mwendo. Taa zako za breki hazimwambii. Ukishasimama salama, andika: mwendo gani, kona ya upande gani, taa ipi, ilipepesa au iliwaka tu, pedali ilikuwa juu au chini.

Suala la taa ndilo linalonikera kuliko yote, na si la gari hili pekee. Mwaka 2013 Honda iliita irudishwe Marekani minivani yake ya Odyssey, matoleo ya mwaka 2007 na 2008, jumla takriban magari 344,000. Mfumo wa kudhibiti mtelezo ungeweza kushindwa kujipanga sawasawa, presha ikajengeka, na gari likafunga breki kwa nguvu bila dereva kukanyaga na bila taa za breki kuwaka. Hatari iliyotajwa ilikuwa ya kugongwa kwa nyuma. Chanzo chake hakikuwa usukani uliosogezwa jino, lakini dereva wa Odyssey na dereva wangu wangeelewana bila mkalimani. Na wote walihitaji mtu wa kuwaamini waliposema hawakukanyaga. Kama una gari la aina yoyote lenye tabia hii, kabla ya kununua kipuri chochote, peleka namba ya chesisi kwa mwakilishi wa mtengenezaji aangalie kama kuna wito wa kurudishwa ambao haujatekelezwa. Kazi ya wito wa namna hiyo kwa kawaida hufanywa bure.

Mwenye gari alipokuja kulichukua alilizunguka mara moja, akaniuliza kama kalipa na masta silinda za zamani zilikuwa mbovu. Nilimwambia ukweli: kalipa ya zamani alikuwa ameletewa kwenye mfuko, niliifungua, pistoni yake inateleza vizuri kabisa. Hakusema kitu. Aliifunga tena kwenye mfuko na kuiweka nyuma.

Baada ya siku mbili nilimpigia fundi aliyepima alaimenti. Sikumpigia kwa ugomvi. Namba yake alinipa mwenye gari mwenyewe. Alikuja jioni, kijana mdogo tu, akasimama kimya nilipomwonyesha picha ya zile nukta mbili zilizopishana. Alisema ndivyo alivyofundishwa, usukani ukipinda unausogeza. Nilimwonyesha namba kwenye mashine, nikamwekea usukani wa gari lingine lililokuwa mezani ahesabu meno. Alihesabu kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Alipofika 36 alianza kuniuliza magari mengine aliyoyafanyia hivyo yanaweza kuwa mangapi, kisha akatoa simu, akaanza kutafuta namba za wateja wake.